Kifaa Namba Thelathini na Moja

Kosa litakalofichuliwa hapa ni kuwaonea haya watu wako mbele ya watu wengine. Nalitaja mapema kwa sababu sipendi masimulizi yanayomficha mkosaji hadi ukurasa wa mwisho, na kwa sababu mkosaji ni mimi. Limo pia kosa dogo la sanduku na karatasi, nalo waliolitenda waliliombea radhi siku ileile. Hilo sina haja ya kulikalia. Langu lilikuwa baya zaidi kwa kuwa lilivaa nguo za adabu, na kosa lililovaa nguo za adabu hupiga hodi mchana kweupe, likafunguliwa mlango na kupewa kiti.

Miaka ile, mwanzoni mwa elfu mbili, tulikuwa tukikutana kila Jumamosi katika ukumbi mdogo wa Erdington, mtaa wa jiji la Birmingham, Uingereza, wasemaji wa Kiswahili ambao kwingineko tusingejuana kamwe. Wakongo walikuja kwa basi kutoka Kingstanding na watoto wao na sufuria zao. Wazanzibari na Watanzania wenzangu wa bara walitoka Sparkhill, wakiilalamikia Stratford Road kana kwamba msongamano wake ulianza asubuhi hiyo. Kila kundi liliamini kwamba Kiswahili chake ndicho Kiswahili. Mimi, niliyefundisha sekondari kwa miaka kumi na miwili kabla ya kuja huku kupanga vitabu katika ghala, niliiamini imani hiyo kuliko wote. Nilipewa cheo cha Mwalimu, na kazi ya kuwasomesha watoto walioelewa kila neno nililosema na kunijibu kwa Kiingereza.

Safari ya ngome lilikuwa wazo langu. Ilikuwa ngome ya kale juu ya kilima, mwendo wa saa moja na ushei magharibi ya jiji, nami nilikuwa nimesoma vitabu viwili juu yake. Nilichoka kuona watu wetu wakiijua nchi hii kwa ofisi, hospitali na maduka peke yake, kana kwamba mawe yake ya kale yalikuwa yamewekewa watu wengine. Nilisimama ukumbini nikatoa hotuba. Nikaeleza kwamba kila mgeni hupewa kifaa mfano wa simu ya mkononi, akafika penye kibao chenye namba, akabonyeza namba hiyo, na sauti ikamsimulia yaliyotokea pale alipo. Hakuna haja ya kumfuata kiongozi kama kondoo. Nikamaliza kwa maneno ambayo baadaye yalinirudia: "Siku hiyo hakuna wetu atakayebaki nje ya mlango."

Tuliondoka saa mbili asubuhi kwa basi dogo la kukodi, watu wazima kumi na wanne na watoto wao. Dereva alikuwa mzee wa hapohapo Birmingham, mwenye asili ya Jamaika, mtu wa mvi na kofia ya sufu hata wakati wa kiangazi. Alikuwa amejifunza neno moja tu la lugha yetu, "karibu", naye alilisema kwa kila aliyepanda, pamoja na mtoto mchanga. Hilo lilimtosha mwanamke mmoja wa Kizanzibari mwenye duka la nguo huko Sparkhill, tuliyezoea kumwita Shangazi.

"Huyu keshakuwa wa nyumbani," alitangaza. "Shemeji! Twende mwendo wa harusi, usitupeleke mwendo wa maiti."

Dereva hakuelewa neno, lakini alielewa kicheko, akapiga honi mara mbili.

Nyuma yangu alikaa mama mmoja wa Kikongo kutoka Kingstanding, mjane, mwenye umri wa kuwa dada yangu mkubwa. Basi zima lilijua habari yake. Alhamisi iliyokuwa ikija alikuwa asafiri kwenda Ubelgiji kumwona binti yake waliyepotezana naye njiani wakati wa vita, miaka tisa nyuma. Kwa safari hiyo alikuwa ameingojea hati ya kusafiria kwa zaidi ya mwaka mzima. Ilikuwa imefika, kijitabu chenye jalada la buluu, naye alikuwa nacho kifuani, ndani ya kifuko kilichoshonwa chini ya kitenge. Alikitoa, akakipitisha kwa watu wakitazame, akakirudisha.

"Mama," nilimwambia, "kwa nini hukukiacha nyumbani, mahali salama?"

"Mwalimu, nyumba inaunguaka," alinijibu. "Mwili njo unakimbiaka. Karatasi inafaa ikae ku mwili."

Nilitabasamu tabasamu la mtu aliyesoma. Nilimweleza kwamba hapa hakuna anayekimbia. Hakubishana nami, alinipapasa begani kama mtu anayempoza mtoto.

Tukafika. Lango la ngome lilikuwa juu kabisa, na ndani yake, mkono wa kulia, palikuwa na meza ya kutolea vifaa. Binti mmoja mwenye miwani alitueleza utaratibu: kila mtu mzima aache kitu chenye jina lake, naye apewe kifaa, akikirudisha, atarudishiwa kitu chake. Vitu viliwekwa katika sanduku lenye vyumba vidogo vyenye namba, sawasawa na namba za vifaa. Wengine waliacha kadi za basi, wengine kadi za maktaba. Mimi niliacha leseni ya udereva. Shangazi aliacha kitambulisho cha duka la jumla, akamwambia binti yule kwa Kiingereza chake cha sokoni kwamba asipokiona atachukua mnara mmoja.

Zamu ya Mama ilipofika, hakuwa na kadi yoyote. Alikuwa na hati ile tu.

"Basi mimi nitatembea bila hiki kitu," alisema bila kinyongo. "Macho iko."

Hapo ndipo lilipo kosa langu, na nitalieleza polepole. Nyuma yetu foleni ilikuwa imefika hadi nje ya lango. Mwanamume mmoja alitazama saa yake. Mtoto wa watu alimwuliza mama yake kwa sauti kwa nini sisi tunachukua muda mrefu. Nikaona, au nikadhani naona, macho yote yakisema jambo moja: hawa hawajui mambo. Nikakumbuka pia hotuba yangu, kwamba hakuna wetu atakayebaki nje. Ningeweza kumpa kifaa changu. Ningeweza kutembea naye nikimtafsiria. Sikufanya hata moja kati ya hayo, kwa kuwa wakati ule sikuwa nikimfikiria yeye. Nilikuwa nikiifikiria foleni.

"Mama, tafadhali usituaibishe," nilimnong'oneza. "Hapa si kwenye kizuizi cha barabarani. Hii ni nchi ya utaratibu."

Alinitazama. Kwao mtu akishaitwa mwalimu hanyimwi kitu mbele za watu. Hiyo ni heshima waliyokulia. Akaingiza mkono kifuani, akatoa kijitabu, lakini hakukiweka mezani. Alikishika tu mbele yake. Basi mimi, kwa mkono wangu huu, nilikichukua katika vidole vyake nikakisukuma upande wa pili wa meza. Binti mwenye miwani alikitazama kidogo, akakunja uso, kisha akampa Mama kifaa namba thelathini na moja.

"Lugha gani?" aliuliza.

Kiswahili hakikuwamo. Kabla sijafungua mdomo kumwomba radhi binti yule, Mama alijibu mwenyewe kwamba anataka Kifaransa.

Tukaingia. Nimeulizwa mara nyingi ngome ile ilikuwaje, nami nimejibu kutokana na vile vitabu viwili, maana siku ile nilisikia machache mno. Niliweka kifaa sikioni na macho nikayaweka kwa watu wetu. Nilimwonyesha ishara mama mmoja apunguze sauti. Niliwazuia watoto wasikimbie juu ya nyasi ambazo watoto wengine walikuwa wakikimbia juu yake. Shangazi alipotandika kanga kando ya kisima cha kale na kufungua chapati, nilimwomba asubiri mpaka tutakaporudi kwenye basi.

"Mwalimu, hawa wenyewe walikuwa wakichoma ng'ombe mzima humu ndani," alinijibu. "Bonyeza namba saba usikie."

Mama peke yake ndiye aliyeizunguka ngome yote. Alisimama penye kila kibao, akabonyeza, akasikiliza hadi mwisho, akaitikia kwa kichwa kama mtu anayeambiwa habari za ukoo. Nilimkuta juu ya ukuta wa magharibi, penye namba kumi na moja, akicheka peke yake.

"Umesikia hii?" aliniuliza. "Bwana wa hii nyumba alienda ku vita. Maadui bakafika mu mlango, bakamwambia bibi yake: toka, tutakuchunga vizuri. Bibi akakataa. Akakaa na watumishi na watoto, wiki nyingi sana. Bakamwandikia barua za heshima. Kila barua anajibu: ninyi njo muko nje, si mimi niko ndani."

Nilibonyeza namba kumi na moja. Kifaa changu kilisema hivyohivyo, kwa Kiingereza. Nilikuwa nimepita mahali pale mara mbili.

Saa kumi alasiri tulirudi mezani. Binti mwenye miwani hakuwapo. Zamu ilikuwa imebadilika, na mahali pake alisimama kijana wa kiume mwenye tai. Wa kwanza kurudisha kifaa nilikuwa mimi, nami nikapewa leseni yangu. Mama alikuwa wa pili. Kijana alitazama chumba namba thelathini na moja, akatoa kadi ya maktaba yenye jina la mtu tusiyemjua. Akatazama chini ya sanduku. Akafungua droo, akaifunga. Kisha akasema, kwa upole ambao siwezi kumlaumu, kwamba huenda kitu hicho amepewa mgeni mwingine kwa bahati mbaya, kwamba mambo haya hutokea, kwamba ipo fomu ya vitu vilivyopotea, na kwamba tupige simu Jumatatu.

Akaniwekea fomu mbele yangu pamoja na kalamu, nami nikaichukua ile kalamu.

Ningependa kuandika kwamba niliitupa. Sikuitupa. Niliandika tarehe. Nilikuwa nimeanza kuandika anwani ya ukumbi wetu wakati mkono wa Mama ulipotua juu ya karatasi.

"Mwalimu. Kalamu chini."

Kisha akakitwaa kifaa namba thelathini na moja, ambacho kilikuwa bado mkononi mwake, akakiingiza kifuani, ndani ya kifuko kilekile kilichokuwa na hati yake, akaufunga mkono wake juu yake. Kijana mwenye tai alinyosha mkono kukiomba. Mama hakusogea. Watu waliokuwa wakitoka walianza kusimama na kutazama, na ile hali ya asubuhi ikanirudia kama homa. Nikamgeukia kijana, nikamwambia kwa Kiingereza changu kizuri: "Tuwie radhi. Huyu mama hafahamu taratibu."

"Umemwambia nini?" Mama aliniuliza.

Nimewafundisha watoto wa watu kwamba uongo ni uongo hata ukisemwa kwa huruma. Kwa hiyo ilinibidi nimtafsirie. "Nimemwambia kwamba... hufahamu taratibu zao."

Hakukasirika. Naliandika hili kwa sababu lingekuwa jepesi kwangu kama angekasirika.

"Taratibu ninaielewa," alisema. "Asubuhi ulinielezea wewe mwenyewe. Banashika kitu yangu mpaka nirudishe kitu yao. Ni vile?"

"Ndivyo."

"Basi kitu yao iko hapa." Akajipiga kifuani. "Yangu iko wapi?"

Nilimtafsiria kijana swali hilo, naye akaifungua tena droo ileile. Mama akaenda kwenye benchi la jiwe lililo chini ya tao la lango, akaketi, akapanga kitenge chake magotini.

"Yule bibi wa namba kumi na moja alikaa wiki," alisema. "Mimi nitashindwa na jioni moja?"

Nilisimama katikati ya benchi na meza. Miguu yangu ilijua njia ya mezani. Ilikuwa imeizoea kwa miaka kumi ya kaunta na fomu za nchi hii. Lakini niliikumbuka Alhamisi, nikamkumbuka binti aliyekuwa akingoja Ubelgiji, na zaidi ya yote nikavikumbuka vidole viwili vilivyoshika kijitabu na jinsi nilivyokichomoa. Nikarudi kwa kijana mwenye tai. Nikamwambia: "Nilikuambia kwamba huyu mama hafahamu taratibu. Nimesema uongo. Anazifahamu kuliko mimi na wewe. Hataondoka, na mimi sitaondoka." Nikaweka leseni yangu mezani na kukichukua tena kile kifaa nilichokuwa nimekirudisha. Kisha nikaenda kuketi karibu naye.

Shangazi alikuwa wa kwanza kutufuata. "Changu nacho kimesema tangu asubuhi," alimwambia kijana, akikining'iniza shingoni. "Kinahitaji kupumzika." Wakaja wengine, mmoja mmoja, na watoto wao. Chapati zikafunguliwa pale pale langoni, mbele ya watu wote, nami nikala mbili.

Mkuu wa zamu aliletwa. Alitusihi kwanza. Vifaa vile, alisema, havina budi kurudi kwenye kabati la umeme kuchajiwa kila jioni, na kesho asubuhi lipo kundi kubwa linalovihitaji. Nilimjibu kwamba Mama naye anaihitaji hati yake. Akasema ataita polisi. Nikamwambia awaite, nasi tutawasaidia kuandika kwamba hati ya serikali ilipokelewa katika meza hii na haikutoka.   Wala sikuipunguza sauti yangu.

Ilikuwa yapata saa kumi na moja na nusu, jua likiwa bado juu, dereva wetu alipopanda kilima kuja kuona tumekwama wapi. Alikuwa na haki ya kutuacha. Saa tulizomkodi zilikuwa zimekwisha, na mkuu wa zamu alimkimbilia kama mtu aliyepata mshirika, akamwomba awaondoe watu wake.

Mzee yule alitutazama tulivyojipanga kwenye benchi lile, kila mtu na kifaa chake.

"Shemeji," Shangazi alimwita, "leo hatuondoki."

Akaniuliza kulikoni, nami nikamweleza. Hakumjibu mkuu wa zamu. Aliuliza swali moja tu, swali ambalo sisi sote, kwa ushujaa wetu, hatukuwa tumeliuliza: "Asubuhi nani alikuwa mezani?"

"Binti mwenye miwani."

"Mwenye baiskeli nyekundu?" Alikuwa ameongea naye mchana kwenye maegesho, akimsaidia kurudisha mnyororo wa baiskeli uliochomoka. Binti alimwambia kwamba jioni hufanya kazi ya pili, jikoni kwenye hoteli ndogo chini ya kilima. Mkuu wa zamu alisema kwamba amekwisha kumpigia simu na haipokelewi. "Anaosha sahani," alisema dereva. "Atapokeaje?"

Akashuka. Tuliisikia injini ya basi ikiteremka, na watoto wakahesabu kona za barabara kutoka ukutani. Mama hakuhesabu. Alikuwa amefumba macho, mkono kifuani, midomo ikienda. Nilitamani kumwomba msamaha wakati ule, lakini niliona kwamba ningekuwa naomba kwa faida yangu, ili nisubiri nikiwa mwepesi. Nikauacha mpaka baadaye.

Basi lilirudi na abiria mmoja, mwenye aproni iliyolowa. Binti yule hakusalimia mtu. Alipita nyuma ya meza, akainama penye kabati la chuma lililokuwa chini kabisa, ambalo hakuna aliyewaza kulitazama, akalifungua kwa namba za siri, akatoa bahasha. Ndani yake mlikuwa na kijitabu cha buluu. Alikuwa amekitenga tangu asubuhi, na kuacha kikaratasi cha kumjulisha mwenzake. Kikaratasi kilipatikana kimeanguka nyuma ya sanduku. Chumba kilipobaki kitupu, mtu mwingine akatumbukiza humo kadi ya maktaba.

"Niliona si kitu cha kulala pamoja na kadi za maktaba," alisema.

Nilimtafsiria Mama maneno hayo, na kila neno lilinichoma lilipopita. Mgeni asiyejua jina la Kingstanding aliitazama hati ile mara moja akajua uzito wake. Mimi niliyejua habari yake yote niliisukuma juu ya meza kama kadi ya basi.

Mama alikifungua kijitabu, akaitazama picha yake, akakibusu. Kisha akakitoa kifaa namba thelathini na moja kifuani, akakifuta kwa upindo wa kitenge, akakiweka mezani kwa mikono miwili, kama mtu arudishaye bakuli la jirani. Nasi tukarudisha vyetu, kimoja kimoja. Kijana mwenye tai akaomba radhi, na mkuu wa zamu pia. Hakuna aliyeomba radhi kwa upande wetu. Nilihakikisha hilo.

Ndani ya basi nilimwomba Mama msamaha, kwa sauti, ili wote walionisikia nikitoa hotuba wanisikie na hapo. Alinipapasa begani vilevile. "Mwalimu, wewe unaogopaka foleni," alisema. "Ni ugonjwa. Inaponaka."

Alhamisi alisafiri. Mtu mmoja wa jumuiya yetu, msomi mwenzangu, alinilaumu baadaye kwamba tuliwafanya Waingereza watuone watu wa fujo. Nilimwambia aende akasikilize namba kumi na moja, lugha yoyote aipendayo. Wao wenyewe wamelijengea ukumbusho tendo la mwanamke aliyekataa kuondoka mlangoni, na humtoza mgeni kiingilio ili alisikie. Haiwezekani liwe ushujaa ndani ya kifaa na ufidhuli kwenye benchi.

Mzee yule wa basi alitufikisha Erdington, kisha Kingstanding, kisha Sparkhill, kila mtu mlangoni kwake, akikataa kusikia habari ya saa zilizozidi. Yeye alimwambia kila aliyeshuka "karibu", neno pekee la kwetu alilokuwa nalo, ingawa sisi ndio tuliokuwa tukienda zetu. Sikupata kumwuliza jina alilopewa na wazazi wake, na hilo nalo nalihesabu miongoni mwa makosa yangu. Najua tu lile alilopewa na Shangazi asubuhi ile kwa mzaha, ambalo jioni hapakuwa na mtu aliyelitamka kwa mzaha tena: Shemeji.